Kofia Ilibaki, Maneno Yakapotea

Bawabu si mtu wa ndani wala si mtu wa nje. Nimesimama mlangoni pa hoteli moja karibu na Union Square, San Francisco, kwa miaka mingi: nafungua mlango, nabeba masanduku, naita teksi, na katikati ya hayo natazama wapita njia. Mgeni huuona mji siku mbili tatu akaondoka. Mimi nauona kila asubuhi, na taratibu nimewatambua wale ambao mji umewakubali kuwa wake ingawa hawana cheo, mali wala ukoo wa kutajwa. Watu wa vituko, kama wengi wanavyowaita. Mimi nimejifunza mengi kutoka kwao, na machache kati ya hayo nataka kuyaeleza hapa kwa sababu naona yanasahaulika.

Wa kwanza kunivuta walikuwa mapacha, Marian na Vivian Brown. Walizaliwa mwaka 1927 huko Michigan, wakahamia San Francisco miaka ya 1970. Mmoja alikuwa karani wa mawakili, mwenzake akifanya kazi benki. Hakuna ajabu katika hayo. Ajabu ilikuwa mavazi: kila walipotoka walivaa sare kuanzia viatu hadi kofia, na kofia yenyewe mara nyingi ilikuwa pana, ya wachunga ng'ombe, yenye madoa ya chui. Midomo myekundu, nywele za mtindo mmoja, mkoba wa aina moja. Walishuka mlima wa Nob Hill bega kwa bega, na watalii wakasahau walikokuwa wanakwenda.

Nilichokipenda zaidi si mavazi. Kila walipoombwa picha, Bi mmoja alimgeukia mwenzake kwanza, akamwekea ukosi sawa kwa ncha za vidole, akampisha yule naye amtazame na kumrekebisha. Ndipo wote wawili wakaigeukia kamera. Hawakuwa na haraka hata kama mpiga picha alikuwa nayo. Nikaelewa kwamba wale hawakuwa wanafanya maonyesho kwa ajili yetu. Sisi tulikuwa tumebahatika kupita mahali ambapo maisha yao yalikuwa yanaendelea.

Mwaka 2012 habari zikaenea kwamba Bi Vivian ana maradhi ya Alzheimer na anahitaji kuishi mahali penye uangalizi, na akiba yao haifiki. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sitakisahau. Watu ambao hawakuwahi kuzungumza nao zaidi ya salamu walituma fedha kupitia shirika la Jewish Family and Children's Services. Bi Vivian akapatiwa mahali pa kutunzwa. Bi Marian, ambaye kwa miaka alikuwa akila na dada yake kwenye meza ya dirishani katika mgahawa wa Uncle Vito's, pembeni mwa Bush na Powell, naye hakuachwa ale kwa mashaka, kwani watu walimchangia chakula pale pale. Vivian alifariki Januari 2013, Marian akamfuata Novemba 2014. Mji uliwalilia kweli.

Wengine watasema huo ni wema wa kawaida. Mimi naona haukuwa wa kawaida hata kidogo. Mji huu una maelfu ya wazee wasio na fedha za kutunzwa, na wengi wao hufa bila mtu kujua. Mapacha wale walipata msaada kwa sababu walijulikana, na walijulikana kwa sababu walithubutu kuvaa walivyotaka. Furaha yangu kwa ajili yao haijawahi kulitoa swali hilo kichwani: vipi kuhusu yule ambaye kituko chake hakipendezi machoni?

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa Kaisari Norton.

Huwezi kufanya kazi ya hoteli San Francisco bila kuulizwa habari zake. Wageni huja na hadithi nusu nusu: kwamba palikuwa na mwendawazimu aliyejitangaza Kaisari wa Marekani, na mji mzima ukacheza naye. Mama yangu nilipomsimulia kwa simu alicheka sana, akasema, "Basi huyo ni Abunuwasi wao." Nami nikakubali kwa siku kadhaa. Lakini Abunuwasi wa hadithi hashindwi, halali njaa, wala hazeeki. Norton alikuwa mtu wa nyama na damu, na nilipoanza kumsoma kwenye chumba cha historia cha maktaba kuu ya mji, ghorofa ya 6, nilimkuta mtu mwingine kabisa.

Joshua Abraham Norton alizaliwa Uingereza, akakulia Afrika Kusini, akafika San Francisco mwaka 1849 wakati wa homa ya dhahabu. Hakuja kuchimba, alikuja kufanya biashara, na kwa muda mfupi alifanikiwa. Kilichomwangusha ni mchele. Mwishoni mwa 1852 China ilizuia mchele wake usitoke kwa sababu ya njaa, na hapa bei ikaruka kutoka senti 4 hadi senti 36 kwa ratili. Norton akasikia kuna meli bandarini, Glyde, imebeba ratili 200,000 kutoka Peru. Akakubali kuununua mzigo wote kwa senti 12 na nusu kwa ratili, jumla dola 25,000, akitumaini kulishika soko peke yake. Kabla hajapumua, meli nyingine za mchele kutoka Peru zikatia nanga. Bei ikaporomoka. Akakimbilia mahakamani kuutengua mkataba, kesi ikamla miaka na fedha, akashindwa, na mwishowe akafilisika rasmi.

Yeyote aliyewahi kuweka kila alichonacho kwenye mzigo mmoja anajua mahali Norton alipokuwa amesimama. Nawajua wafanyabiashara waliopotea kwa kosa dogo kuliko lile.

Tarehe 17 Septemba 1859 aliingia ofisini mwa gazeti la San Francisco Evening Bulletin na karatasi mkononi. Tangazo hilo lilisema kwamba yeye, Joshua Norton, anajitangaza Kaisari wa Marekani, na linawaita wajumbe wa majimbo wakutane mjini. Mhariri akalichapa. Baadaye aliongeza cheo cha Mlinzi wa Meksiko. Kwa zaidi ya miaka 20 alitembea mitaani akiwa na koti la jeshi lenye mapambo ya dhahabu mabegani, kofia ndefu yenye manyoya ya ndege, na fimbo. Alikagua njia za miguu, alihudhuria mihadhara na ibada, alisoma magazeti, na aliandika amri.

Watu wengi huishia hapo, wakacheka, wakapiga picha mbele ya mchoro wake. Lakini tazama jinsi watu wa wakati ule walivyofanya kazi ya kumweka hai, maana huo ndio ufundi wa mji.

Chukua noti zake. Norton hakuomba. Aliuza hati za serikali yake kwa senti 50 na kuendelea, hadi dola 10. Wapiga chapa walizichapa vizuri, kwa herufi za mapambo, na maneno yake yalikuwa ya kifedha kamili: serikali ya Norton wa Kwanza inaahidi kumlipa mwenye hati kiasi kilichoandikwa mwaka 1880, pamoja na riba ya asilimia 7 kwa mwaka, na mwenye hati akitaka anaweza kuibadili kuwa hati fungani ya miaka 20. Chini, saini yake kwa wino. Nimeitazama picha ya noti hiyo kwa muda mrefu. Mfanyabiashara aliyefilisika alikuwa bado humo ndani, anajua riba ni nini na muda wa deni ni nini. Na waliomnunulia walijua kwamba wanampa chakula cha siku, ila yeye aliondoka akiwa mtu aliyefanya biashara, hakuondoka akiwa amepewa sadaka. Senti 50 ndiyo iliyokuwa kodi ya usiku mmoja ya chumba chake kidogo kwenye mtaa wa Commercial, na aliilipa kila siku. Leo noti moja ya Norton ikiuzwa mnadani huleta maelfu ya dola.

Mbele ya mlango wa hoteli nimeona mara nyingi jinsi fedha inavyoweza kutolewa ikamdhalilisha mtu, na jinsi fedha ile ile inavyoweza kutolewa ikamwinua. Tofauti iko mkononi na machoni mwa anayetoa. Wale wapiga chapa na wanunuzi wa noti waliijua tofauti hiyo.

Januari 1867 askari mmoja alimkamata Norton kwa nia ya kumpeleka kutibiwa wazimu. Magazeti yakawaka. Daily Alta California liliandika kwamba huyu hajamwaga damu ya mtu, hajamwibia mtu, wala hajapora nchi yoyote, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu wenzake wa kazi hiyo. Mkuu wa polisi, Patrick Crowley, akaamuru aachiliwe na kumwomba radhi. Tangu hapo askari wa mji walimpigia saluti wakipishana naye. Nimeisimulia habari hiyo kwa wageni wengi, na kila mara mimi mwenyewe huguswa upya. Mji ulikuwa na nguvu zote za kumfungia mtu yule, ukachagua kumsalimia.

Lakini mji huo huo haukuwa malaika. Kuna hadithi ya mtu wa miaka michache baada ya Norton, aliyeitwa Oofty Goofty, aliyejipatia riziki kwa kuruhusu watu wampige: mateke kwa senti chache, fimbo kwa senti zaidi. Wasimuliaji wa mji husema bingwa wa ngumi John L. Sullivan alimpiga kwa mti wa biliadi akamharibu mgongo. Mitaa ni ile ile, mji ni ule ule. Mmoja alisalimiwa, mwingine alipigwa kwa malipo. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kwamba San Francisco ina moyo wa kupenda watu wa ajabu, nukta. Moyo huo hutegemea nani amesimama karibu siku hiyo, na anafanya nini.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma.

Magazeti yalipogundua kwamba amri za Norton huuza nakala, wahariri walianza kuzitunga wenyewe. Amri za kuchekesha, za kumsifia mfanyabiashara fulani, za kumkejeli adui wa mhariri, zote zikiwekewa jina lake. Naye alijua, na hakupenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 akaamua kwamba amri zake za kweli zitatoka kwenye gazeti moja, nalo likawa Pacific Appeal, gazeti la kila wiki lililomilikiwa na Wamarekani Weusi, mhariri wake Peter Anderson. Sikiliza vizuri: Kaisari aliyekuwa kichekesho cha magazeti makubwa aliliamini gazeti la watu ambao mji uliwabagua, nalo likachapa maneno yake bila kuyageuza.

Nilipofungua kurasa hizo, ambazo siku hizi zinasomwa bure kwenye hifadhi ya magazeti ya zamani ya California mtandaoni, nilikaa kimya kitini. Humo kuna daraja. Mwaka 1872 aliamuru lijengwe daraja la kuning'inia kutoka Oakland Point, ng'ambo ya ghuba, lipite kisiwa cha Goat Island, lifike Telegraph Hill, hapa mjini. Mwaka huo huo akataka pia njia chini ya maji ichunguzwe. Watu walicheka. Daraja la Bay Bridge lilifunguliwa tarehe 12 Novemba 1936, na linapita kisiwa hicho hicho, siku hizi kikiitwa Yerba Buena. Njia ya treni chini ya ghuba ilianza kupitisha abiria mwaka 1974. Habari ya daraja kila mwongoza watalii anaijua, maana inapendeza: mwendawazimu aliona mbele kuliko wenye akili.

Kuna nyingine ambazo hawazitaji. Norton aliamuru watoto Weusi wapokewe katika shule za umma, na watu Weusi waruhusiwe kupanda tramu. Aliamuru ushahidi wa Wachina upokelewe mahakamani. Alionya kwamba macho ya Kaisari yatamwangalia yeyote atakayechochea uovu dhidi ya Wachina. Hayo hayakuwa maneno ya kuchekesha katika mji ule. Tangu mwaka 1854 Mahakama Kuu ya California ilikuwa imeshaamua kwamba Mchina hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu, yaani ungeweza kumwibia au kumuua mbele ya Wachina kumi na kesi isiwe na shahidi. Mwaka 1874 mahakama hiyo hiyo ilikubali shule zilizotenganishwa, katika kesi ya msichana Mweusi Mary Frances Ward aliyekataliwa kuandikishwa shule San Francisco. Julai 1877 makundi ya watu yalivamia makazi na madobi ya Wachina mjini, wakaua na kuchoma. Mwaka 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini.

Norton aliishi hatua chache kutoka mtaa wa Wachina. Aliwaona kila siku. Aliandika kuhusu majirani zake.

Mji uliyachukua mapambo ya mabegani, noti, daraja, ukaviweka kwenye bendera na kadi za posta. Maneno yaliyoulaumu mji wenyewe ukayaacha kwenye kurasa za gazeti ambalo wengi hawakulisoma. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu anaweza kupendwa na mji mzima na bado asisikilizwe. Pengine kupendwa kwenyewe ndiko kunakomziba mdomo: ukishakuwa kipenzi cha watu, kila unalosema hupokewa kwa tabasamu, hata ukisema nyumba inaungua.

Na simulizi humpamba marehemu hata kwa vitu asivyokuwa navyo. Wengi watakuambia Norton alifuga mbwa wawili mashuhuri, Bummer na Lazarus. Mbwa hao walikuwepo kweli, walipendwa kwa kuua panya, na mwaka 1862 mji uliwaruhusu kuzurura bila kukamatwa. Lakini hawakuwa wake. Mchoraji Edward Jump ndiye aliyewachora pamoja naye, na mchoro ukawa historia.

Tarehe 8 Januari 1880 jioni, Norton alikuwa akienda kusikiliza mhadhara. Akaanguka kwenye kona ya mtaa wa California na ule ambao sasa unaitwa Grant, mbele ya kanisa la Old St. Mary's, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Fedha alizoacha zilikuwa chache mno. Angezikwa kimaskini, lakini wanachama wa Pacific Club walichanga wakamnunulia jeneza la mbao ya thamani, na gazeti lilikadiria watu 10,000 walikuja kumuaga. Mwaka 1934, mji ulipokuwa ukihamisha makaburi yake, mabaki yake yalipelekwa Colma, kusini ya hapa, kwenye makaburi ya Woodlawn. Nimekwenda huko. Jiwe linamwita Norton wa Kwanza, Kaisari wa Marekani na Mlinzi wa Meksiko, bila alama zozote za kuonyesha kwamba ni utani. Juu yake watu huacha sarafu na maua. Kuna aliyeacha tiketi ya basi, nikaona inafaa kuliko vyote, kwa mtu aliyetaka kila mtu apande tramu.

Sasa haya yote bawabu anayafanyia nini?

Ng'ambo ya mlango wetu palikuwa na mzee aliyekuja kila asubuhi na koti la mvua hata jua likiwaka. Taa ya waenda kwa miguu ikiwaka, yeye alihesabu kwa sauti kubwa kama mtangazaji wa mbio, kutoka juu kwenda chini, mpaka taa izime. Kisha akasema, "Amebaki mmoja!" au "Wamebaki wawili!" na kunyoosha mkono kuelekea katikati ya barabara. Watalii walimrekodi kwa simu, wengine wakahesabu naye. Wageni wa hoteli walimlalamikia kwa kelele, na meneja wa zamu akanitaka nimsogeze. Mwenzangu wa zamu ya mchana alikuwa akimpa kahawa, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima yote aliyoipata kwenye kona ile.

Ilikuwa baada ya kusoma Pacific Appeal ndipo nilipoamua kumsikiliza, badala ya kumsikia tu. Nilivuka nikasimama kando yake nikamwuliza, "Mzee, nani amebaki?" Akanitazama kana kwamba nimechelewa sana kuuliza. Akanionyesha. Alikuwa mama mmoja mwenye fimbo, bado yuko katikati ya barabara, magari yameshaanza kunguruma. Mzee yule alikuwa anahesabu sekunde ambazo taa inampa mtu, na kutaja ni nani hazikumtosha. Alikuwa na daftari. Kurasa kwa kurasa, tarehe, saa, sekunde, na alama ndogo kwa kila aliyebaki katikati: fimbo, kitoto cha kusukumwa kwenye gari, kiti cha magurudumu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na mistari ya jedwali aliichora kwa rula.

Tulikaa kwenye ngazi za hoteli wakati wa mapumziko yangu, tukachagua kurasa zilizo wazi zaidi, nikampigia picha, tukatuma ombi kupitia 311, namba ya huduma za mji. Alisisitiza nisiandike "kwa niaba ya" mtu yeyote. Niandike jina lake kamili, na aliniandikia mwenyewe herufi kwa herufi ili nisikosee. Tulituma tena tulipopata jibu fupi, na tukaambatanisha kurasa zaidi. Baada ya miezi kadhaa mafundi walikuja na kufungua sanduku la taa. Sasa taa ile inatoa sekunde zaidi, na mzee ameanza daftari jipya kwenye kona inayofuata, ambako anasema hali ni mbaya kuliko yetu. Meneja hajanituma tena kumsogeza.

Sidai kwamba kila anayepaza sauti mtaani ana daftari mfukoni. Wengi wana maradhi, wana njaa, wanahitaji daktari na kitanda kuliko wanavyohitaji msikilizaji, na kuwafanya wote wahenga ni njia nyingine ya kukwepa kuwasaidia. Norton mwenyewe pengine alikuwa mgonjwa, na saluti haikumtibu. Lakini ugonjwa na ukweli hukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Mji uliomheshimu Norton ungeweza kumheshimu na pia kufungua milango ya shule mapema.

Mwaka 2004 baraza la mji lilipitisha azimio la kutaka sehemu mpya za Bay Bridge ziitwe kwa jina lake. Haikuwa hivyo, na bado kuna wanaolipigania. Nawaunga mkono. Ila kama ningeulizwa, ningetaka kabla ya daraja ziandikwe ukutani, mahali wanafunzi wanapopita, zile amri za shule, tramu na mahakama.

Wageni wakiniuliza siku hizi wamwone wapi Kaisari, siwaelekezi kwanza kwenye duka lenye kofia yake. Nawaambia washuke hadi mtaa wa Commercial, kipande cha nambari 600, kichochoro chembamba karibu na mtaa wa Wachina, hapo alipokuwa akilala. Wasimame, wafungue simu, watafute Pacific Appeal, wasome toleo moja lote la 1872, si amri ya daraja peke yake. Kutoka hapo ni mwendo mfupi wa mlima hadi kwenye kona alipoanguka. Wengine hurudi jioni, na swali lao la kwanza huwa Peter Anderson alikuwa nani. Nikiwa nafungua mlango nawaambia wasubiri zamu yangu iishe, maana habari za Peter Anderson hazimalizwi tukiwa tumesimama.